Siku Mama Alipopeleka Uji Nanyuki

Uji uliochacha ukiwekwa karibu na jenereta hutoa harufu ambayo mpaka leo sijaisahau. Kuna uchachu wa mtama na mahindi, juu yake kuna moshi wa dizeli, na juu ya huo kuna mafuta ya chipsi yaliyotumika tangu asubuhi bila kubadilishwa. Nikiipata harufu hiyo popote, hata kwenye maegesho ya magari mjini Nyeri, ninarudi moja kwa moja kwenye bustani ya michezo nje ya Nanyuki, likizo ya Agosti, wakati baridi ya mlima ilipokuwa ikitufanya tuvae sweta mbili mchana kweupe. Nilikuwa darasa la tano. Nilisimama na mama yangu nyuma ya meza ya mbao, na mbele yetu kulikuwa na kila kitu ambacho mtoto anaweza kukitamani: bembea, vigari vya kugongana, farasi wa kupanda, watoto wenzangu wakitembea huku na huku na mishikaki mkononi. Tamasha la vyakula, waliliita. Mimi nililiona tamasha hilo kupitia pengo lililokuwa kati ya kibuyu cha uji na bega la mama.

Hatukuwa tumekwenda kucheza. Baba alipofariki, mimi na mama tulirudi Endarasha kwa mjomba, na tangu siku hiyo mama hakuwa na moto wake. Kwetu mwanamke mzima anaweza kukosa kitanda kizuri, anaweza kukosa hata viatu vya kanisani, lakini jiko ni lake, na anayeingia humo anaingia kwake. Mama alipika kwenye jiko la mke wa mjomba. Nisimsingizie mke wa mjomba, hakuwa mtu mbaya. Hakutunyima chakula wala hakututusi. Jiko lilikuwa lake, basi, na kuanzia chumvi hadi kuni neno lilikuwa lake pia. Mama, ambaye wakati wa baba aliweza kuchekesha nyumba nzima kwa kumwigiza mzee wa kanisa akiomba dua, alikuwa ameanza kunyamaza. Alipika, akapakua, akaosha, akaenda kulala. Mimi nilikuwa mdogo, lakini niliona anavyopungua, na ilinitisha.

Ndipo tangazo likasomwa kanisani. Bustani ile ilikuwa inatafuta wapishi wa vyakula vya kienyeji, na atakayewapendeza majaji angepewa kibanda cha kudumu humo ndani, chenye jiko na chumba kidogo cha kulala upande wa nyuma. Jioni ile mama alishusha kibuyu cha marehemu nyanya kutoka darini, akakisugua kwa mkaa, na uji ukaanza kuchacha kando ya moto huku mke wa mjomba akiuliza kila siku kibuyu hicho kitaondoka lini. Usiku, tukiwa tumelala kitanda kimoja, mama alininong'oneza kwamba kibanda kina dirisha linalotazama mlima. Nilimuuliza amejuaje. Akasema hajui, anakisia tu, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu, na nilitaka kibanda kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Sasa tulikuwa pale, na majaji hawaji. Kila mwenye meza alikuwa amepewa tikiti moja ya michezo, na mchana ulipopita mama alinihurumia akanipa yake. "Enda upande hiyo kitu yako upesi," akasema, akionyesha gurudumu kubwa lililokuwa likiwapandisha watu angani karibu na meza yetu. "Lakini ukuje haraka. Mimi Kiswahili yangu ni ya kununua viazi. Hao watu wakifika ni wewe utawaongelesha." Nilikimbia kabla hajabadilisha mawazo. Niliketishwa kiti kimoja na mama wa Nanyuki aliyevaa buibui jeusi, mke wa mfanyabiashara wa mbuzi, aliyeniambia nimwite Mama Zahra. Mzunguko wa kwanza nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mzunguko wa pili, tulipofika juu kabisa, kitu kilipasuka huko chini, kiti kikayumba, tukasimama. Fundi akatuma ujumbe, mtu akipaza sauti kwa mwenzake kutoka kiti hadi kiti: mkanda umekatika, mtulie, mwingine unaletwa kutoka mjini.

Kutoka juu kule mlima wote ulionekana bila hata wingu, na sikuujali. Nilikuwa nikiangalia meza yetu, na mbele ya meza yetu walikuwa wamesimama majaji wawili, mwanamume mwenye koti la kijivu na dada mwenye kofia nyeupe. Mama alitazama kulia na kushoto akinitafuta. Kisha akainamisha kibuyu, akajaza kikombe, akapiga funda dogo, na kumnyooshea yule bwana kwa mikono miwili.

"Yule si mama yako?" Mama Zahra akauliza. "Mbona anakunywa kikombe cha mgeni?"

"Hanywi, anaonja," nikasema. "Kwetu huwezi kumpa mtu uji kama hujaonja kwanza. Ni ndio ajue haina kitu mbaya."

"Kumbe ni heshima. Basi mwambie yule bwana, asije akadhani ni uchafu."

"Nitamwambia aje na tuko huku?"

"Piga kelele, mwanangu!"

Nikapiga kelele. Mama Zahra naye akapiga, tukaita pamoja mpaka kiti kikaanza kutikisika na watu wa kiti cha chini wakatufokea. Lakini spika za muziki zilikuwa chini yetu kabisa, na hakuna aliyeinua kichwa. Niliona bwana yule akitikisa kichwa na kurudi nyuma. Niliona dada akichukua kikombe kingine, kikavu, akimpa mama. Mama akakijaza. Nikajikuta nikisema, tafadhali, tafadhali. Akaonja. Wakampa cha tatu, na safari hii dada aligusa mdomo wake mwenyewe kwa kidole, kisha akakitikisa kidole hicho hewani kumkataza. Mama alimtazama. Kisha akajaza kikombe, akanywa funda kubwa kuliko yote, akafuta midomo na kutabasamu. Majaji wakaenda meza iliyofuata. Nilishika chuma cha kujishikia mbele ya kiti nikalia kwa sauti, na Mama Zahra akanifunika kwa ncha ya mtandio wake.

Mkanda ulipoletwa, jua lilikuwa limeshaanza kulegea. Nilimkuta mama akimpa uji mzee mmoja mchunga ng'ombe, aliyekuwa akinywa kikombe cha pili na kuusifu. Nilimuuliza kwa hasira kwa nini ameonja mara tatu. Alishangaa. "Cha kwanza walikataa, nikajua wanaogopa," akasema. "Nikaonja tena, waone niko sawa. Huyo msichana akashika mdomo, nikafikiri anasema sijakunywa ya kutosha." Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaketi juu ya debe, akaniuliza kama ningeweza kukimbia kuwatafuta. Nilikimbia. Nilipowapata walikuwa jukwaani, wakimpongeza mwanamke wa Timau aliyepika mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi na mboga. Tulirudi Endarasha, na asubuhi mama alikuwa kwenye jiko la mke wa mjomba kabla mtu yeyote hajaamka. Aliishi humo mpaka nilipomaliza masomo na kupata kazi.

Mwaka jana niliwapeleka wanangu kwenye tamasha kama lile. Siku hizi uji wa kuchacha unauzwa kwenye chupa zilizofungwa vizuri, vijana wanaupangia foleni na kuupiga picha, na hakuna mdomo wa mtu unaoukaribia mpaka ufungue mwenyewe. Wanangu walipanda kila kitu walichotaka. Niliwaangalia nikifurahi, na nikiwaonea kijicho kidogo pia, sitaficha. Mama hakutaka kuja. Anaishi nami hapa Nyeri, katika nyumba yenye jiko la gesi, friji na kabati za ukutani, na siku aliyofika nilimkabidhi jiko hilo mbele ya watoto na mume wangu, nikamwambia ni lake. Jumapili iliyopita nilimkuta amesimama mlangoni mwa jiko hilo, kitambaa kichwani, mikono imeshaoshwa.

"Nyambura, leo nipike nini?"

"Chochote unataka, mama. Jiko ni yako."

Alitabasamu kwa adabu na kuendelea kusimama palepale. Nilisubiri. Naye alisubiri. Mwishowe nikamwambia apike ugali na sukuma wiki, na ndipo akaingia.