Paa Limo, Vyerehani Havimo

Najiat binti Uwesu ameshona kanzu mtaani Kanyenye miaka thelathini na miwili, na hakuna mteja aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Siku alipofoka katika ofisi ya bima, hata mlinzi aliacha geti akaingia kuona kulikoni.

Chanzo kilikuwa upepo. Ulikuja mchana wa Ramadhani, watu wakitoka kuswali adhuhuri, ukang'oa bati zote za chumba anachoshonea. Mvua ikamiminika ndani saa nzima. Dari likaangukia vyerehani vitatu na majora ya vitambaa vya kanzu za Idi. Iliuma, lakini Najiat hakuingiwa na hofu. Nyumba aliikatia bima mwaka juzi, na Erasmus, wakala aliyekuwa akipita mlango kwa mlango, alimwambia kwa kinywa chake, "Mama, ukishalipia hii, kila kitu kiko salama."

Akapeleka dai, na baada ya wiki tatu ikaja barua ya kampuni. Dai limekataliwa: mafuriko hayamo katika bima yake.

"Mafuriko!" Najiat aliikunja ile barua ngumini. "Mto gani umepita nyumbani kwangu?"

Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa kumi na nane. Akamwita mpwa wake Zuwena, mwalimu wa sekondari, aje amsomee neno kwa neno. Ukurasa wa saba ulisema maji yanayofurika kutoka nje hayamo, ila uharibifu wa upepo umo, pamoja na mvua inayopenya pale upepo ulipobomoa. Najiat akaukunja pembe ukurasa ule. Wa kumi na moja ulisema kinachokingwa ni jengo tu. Vitu vya ndani vina bima yake nyingine.

"Rudia hapo."

Zuwena akarudia. Vyerehani havimo. Havikuwemo tangu mwanzo.

Jumatatu asubuhi alimwekea Bernadeta, afisa wa madai, ukurasa wa saba mezani.

"Soma. Kwa sauti, kwa Kiswahili."

"Mama, karibu kiti kwanza..."

"Sikufuata kiti hapa! Soma!"

Bernadeta akasoma, foleni nzima ikisikiliza. Alipofika kwenye upepo na mvua, sauti ikamfifia. Akafungua faili. Mkaguzi wao alikuwa ameandika "maji sakafuni" na kuondoka, paa hakulitazama. Kabla ya mwezi kwisha kampuni ikalipa bati, mbao za kenchi na dari. Vyerehani, hata senti.

Najiat alimkuta Erasmus sokoni akigawa vipeperushi.

"Shikamoo, mama."

Hakumwitikia. "Huu mkataba uliwahi kuusoma?"

"Mama, sisi tulifundishwa kuuza tu..."

"Nakuuliza, uliusoma?"

"Hapana."

"Mtaani kwangu umeuzia nyumba ngapi?"

"Sita, yako ikiwemo."

"Basi tangulia. Utawaambia wote watano mwenyewe, mimi nikisikia."

Erasmus akatazama huku na huku, watu wameshaanza kugeuka. Akatangulia. Nyumba ya kwanza alijiumauma, ya pili akaapa kwamba hakukusudia. Ya tatu ilikuwa ya mzee Adinani, fundi redio, aliyemsikiliza mpaka mwisho bila kuweka chini bisibisi yake.

"Kwa hiyo moto ukiwaka humu," mzee akauliza, "redio za watu je?"

Erasmus akaanza kupanga upya vipeperushi vyake.

"Mjibu!" Najiat akasema.

"Hazimo, mzee."

Mzee Adinani akaanza kumtukana Erasmus. Najiat hakungoja amalize. Alikuwa ameshavuka barabara, anagonga mlango wa nne.