Dizeli ya Wodi ya Wazazi

Walimwita Chanuo, na mwenyewe alishaitika jina hilo miaka mingi kiasi kwamba ukimwita kwa jina la kuzaliwa hageuki. Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, chenye viti vitatu na draya mbili zinazonguruma kama mashine ya kusaga nafaka. Kwa ajili ya draya hizo alizoea kuongea kwa sauti ya juu, na hata akinong'ona, fundi viatu wa jirani alisikia.

"Chanuo, hiyo si ilikuwa siri?" fundi humtania kupitia ukutani.

"Siri ni habari iliyochelewa tu," humjibu.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, mmoja, aliyemlea kwa mikono hiyohiyo ya kusuka. Mama yao alikuwa hai ila maradhi ya miguu yalimweka kitako, kwa hiyo ada ya shule, mavazi, hata maneno ya kumfunda mwali vilitoka kwa dada mtu. Mdogo mtu alipopata mimba ya kwanza, Chanuo alijivuna kuliko mwenye mimba.

Uchungu ulimshika mchana, jua likiwa kali. Wakampeleka kituo cha afya, yeye na shemeji yake. Mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, lazima mama apasuliwe. Wakamwingiza chumba cha upasuaji. Hawajamaliza kumpasua, umeme ukakatika.

Nyuma ya kituo kulikuwa na jenereta kubwa, bado inang'aa, yenye kibao cha wafadhili walioitoa. Mlinzi akaiwasha, ikakohoa, ikazima. Akaiwasha tena. Tangi lilikuwa kavu. Chanuo alisimama kwenye korido akamsikia daktari akipiga kelele ndani, "Taa! Nipeni taa, mama anavuja damu!" Wauguzi wakakimbia na simu zao kumulika. Mashine ya kunyonya damu ilikuwa imelala kimya. Shemeji akatoka mbio hadi barabarani, kwa kijana mmoja anayeuza dizeli kwenye madumu, akarudi amebeba dumu kifuani. Jenereta ikanguruma.

Mtoto alitoka hai, wa kike. Mama yake alikuwa ameshakwenda.

Matanga hayajapoa, mke wa yule muuza madumu akaja saluni. Hakuja kusuka. Alikaa kwenye kiti, akashika kilemba chake, akaanza kulia.

"Dada, sili, silali. Ile dizeli mliyonunua siku ile ilikuwa ya palepale kituoni. Mkuu wa kituo humuuzia mume wangu. Hutolewa geti la nyuma kila gari la mafuta likishashusha."

Chanuo alibaki na kitana mkononi. Maana yake shemeji yake alikimbia na jua lile kwenda kununua dizeli ya mkewe mwenyewe. Walimuuzia uhai wake, na wakamuuzia umeshachelewa.

Alikwenda polisi. Askari wa kaunta alimsikiliza huku akichokonoa meno.

"Una ushahidi, mama?"

"Nina kaburi."

"Kaburi halitoi maelezo," askari akasema, akamwita mtu wa nyuma yake kwenye foleni.

Hapo ndipo shirika lilipomfikia. Lilikuwa shirika la kiraia la kupambana na rushwa, na haki yake lipewe: mwanzoni lilimsaidia. Afisa mradi, binti mpole aliyevaa raba hata kwenye mikutano, alikaa naye siku nzima akimsikiliza, akampeleka redioni, akamfanya asikike, akamwahidi kesi mahakamani. Kwa mara ya kwanza watu wazima walimtazama usoni wakamwambia, "Ulidhulumiwa." Chanuo alirudi nyumbani akamwambia mama yake, "Tumepata watu."

Baada ya hapo ikawa semina. Semina juu ya semina, kwenye kumbi zenye viti vilivyovalishwa vitambaa na chupa za maji zilizopangwa kama askari. Kila semina aliitwa mbele asimulie. Mkurugenzi wa shirika, bwana mwenye sauti laini kama anayebembeleza mtoto, alimfundisha.

"Dada yangu, ukifika pale kwenye taa za simu, nyamaza kidogo. Waache waumie. Na ukilia, usijizuie."

Chanuo alilia. Wakampiga picha. Alilia mbele ya watu waliokuwa wakitafuna karanga, na wakati wa chai wakamsogelea kumwambia hadithi yake imewagusa. Alipouliza kesi imefika wapi, aliambiwa taarifa inaandaliwa. Alipouliza tena, aliambiwa kuna warsha ya kujadili taarifa. Yule mwizi alikuwa bado ofisini kwake, anakunywa chai.

Siku moja alimpeleka mtoto kituoni kuchanjwa. Kwenye korido ileile akajikuta anatazamana na uso wake mwenyewe: bango kubwa, yeye analia, na chini yake maandishi mekundu, RUSHWA INAUA. Lilikuwa limebandikwa kando ya mlango wa mkuu wa kituo. Mlango ukafunguka, mkuu mwenyewe akatoka, kifuani amebandika beji ya shirika: Balozi wa Uwazi.

"Oo, mama! Karibu," akasema, akimfinya mtoto shavu. "Tuko pamoja kwenye mapambano haya."

Chanuo alimvuta mtoto nyuma. Alimkumbatia mtoto, akatoka, akampigia simu afisa mradi. 

"Mmempa fisi bucha, halafu mmemvisha na aproni?"

 Binti akasema kwa unyonge, "Dada, mradi umeingia awamu ya pili. Wafadhili wanataka kuona tunashirikiana na viongozi wa vituo. Tukimtaja, tutafungiwa milango yote. Mkurugenzi amesema tungoje."

"Mimi ningoje? Nimeshangoja kwenye korido. Najua kungoja kulivyo."

Ikaja siku ya wafadhili kukagua mradi. Ukumbi ulijaa, mabango ya uso wake kila nguzo. Mkurugenzi akamvuta pembeni, karibu na meza ya vikombe.

"Leo simulia kama kawaida, ila usitaje mtu. Sema tu 'mfumo'. Tumeelewana, dada?"

"Mfumo ndio una kiriba cha tumbo na beji kifuani?"

"Dada, tafadhali. Mishahara ya watu iko hapa."

Akapewa kipaza sauti. Mkuu wa kituo alikuwa safu ya mbele, mguu juu ya mguu.

"Leo silii," Chanuo akaanza. "Nimelia kwenye kumbi zenu mpaka machozi yangu yamekuwa kazi ya watu. Mdogo wangu hakuuawa na mfumo. Mfumo hauna mikono ya kubeba dumu. Aliyeuza dizeli ya wodi ya wazazi ni yule pale, na hawa waliojiita wapiganaji wanajua, kwa sababu nimewaambia. Wamempa beji!"

Kipaza sauti kikazimwa. Chanuo akakiweka chini. Mtu aliyeongea maisha yake yote juu ya kelele za draya mbili, utamzima kwa swichi?

"Mmezima! Hata hapa umeme mnauzima nyinyi! Na nyie wafadhili, mlileta jenereta mkapigilia kibao. Nani kati yenu alirudi kufungua tangi? Bandueni sura yangu kwenye kuta zenu. Sikuwapa mniuze rejareja."

Akaanza kuyabandua mwenyewe, nguzo kwa nguzo, hadi walinzi wakamtoa.

Malipo yalikuja haraka. Bwana afya alifika saluni, akakuna sakafu kwa kalamu, akasema pachafu, akapiga kufuli. Shirika likatangaza kwamba Chanuo ana msongo wa mawazo, aombewe. Wateja wengine walihamia kwingine. Fundi viatu akampa nusu ya kibanda chake asukie humo, katikati ya harufu ya gundi, na humo ndimo alimokutwa na mama mwenye mvi aliyekuwa msimamizi wa ofisi ya wafadhili. Alikuja peke yake, kwa miguu.

"Nimekuja kuomba radhi," akasema.

"Radhi haiwashi taa. Niambie, mnalipia nini hasa kule?"

Yule mama akajibu, "Tunapima idadi ya waliohudhuria mafunzo."

"Kumbe mnahesabu makalio kwenye viti! Basi mwizi naye anayo, akae tu mumhesabu."

 Mama mwenye mvi akauliza, "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mkaguzi asiyepiga simu kabla ya kuja. Na wakili. Semina moja tu ingelipa wakili."

Wakaguzi walikuja kweli, asubuhi gari la mafuta lilipokuwa limeshusha, wakayakuta madumu getini yakiwa yamejaa dizeli. Afisa mradi aliacha kazi, akatoa ushahidi mahakamani akiwa na raba zake. Muuza madumu pia alisema yote, mkewe akimkodolea macho asimeze neno. Ila Mkurugenzi alihamia shirika jingine, kubwa zaidi, na aliyepandishwa kizimbani pamoja na mkuu wa kituo alikuwa mlinzi, maskini, aliyelipwa posho ya kufungua geti. Mkuu alikuja mahakamani anachechemea, ana fimbo, ghafla ana presha, ana sukari. Wote wawili walihukumiwa kifungo. Mlinzi alipelekwa gerezani palepale. Mkuu alikata rufaa, akapata dhamana, akarudi kwake.

Chanuo aliposikia hayo kwa wakili aliyelipiwa na wafadhili, alikaa kwenye ngazi za mahakama akakunja ngumi mpaka kucha zikamwuma. "Umeshinda," watu wakamwambia. Ameshinda nini?

Alikutana na mkuu wa kituo sokoni, kwenye vibanda vya nyanya, Chanuo akiwa na mama yake aliyekuwa akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, mtoto kampakata. Mkuu alikuwa hana fimbo. Akatabasamu.

"Habari za siku nyingi, mama?"

Chanuo akaendelea kuchagua nyanya, akibonyeza moja moja. Yule bwana akarudia. Muuza nyanya akatazama huku na huku. Mwishowe bwana akaondoka.

"Mwanangu," mama yake akamkemea kwa sauti ya chini, "salamu ni ya Mungu. Haikataliwi."

"Basi Mungu aiitikie mwenyewe," Chanuo akasema, akalipia nyanya, akasukuma kiti kuelekea nyumbani.