Kile Kishindo cha Gari la Baba

Jumamosi ile nilitoka mjini kwenda kwa wazazi wangu, Riruta, nikiwa na shughuli moja tu: kumnyang'anya baba ufunguo wa gari. Mama ndiye aliyenipigia simu. "Gari la baba yako linagonga huko chini mpaka majirani wanatoka nje," aliniambia, "na yeye anasema halina kitu. Ama ni ubishi, ama masikio yameenda." Ubishi wa baba tumeuzoea. Hayo masikio ndiyo yaliyoninyima usingizi. Asiyesikia gari lake mwenyewe atasikiaje honi ya lori?

Shida ni kwamba baba analipenda lile gari. Alilinunua akiwa bado kazini, na tangu astaafu hulipangusa kila asubuhi kabla hajanywa chai. Ukimshauri aliuze, anakuuliza kama na wewe ungependa kuuzwa.

"Maitu, gari ni zima," alinipokea getini. Huniita Maitu, yaani mama yetu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Panda ujionee."

Niliketi mbele. Mama alikaa nyuma kama kawaida yake. Husema kiti cha mbele ni cha watu wenye haraka ya kukutana na ajali. Baba akakipinda kile kioo cha ndani, nami nikauma meno. Kioo hicho kimetugombanisha miaka. Badala ya kumwonyesha magari yanayokuja nyuma, yeye hukiinamisha kimwonyeshe mama. Nikikirekebisha, anakirudisha palepale. "Macho hayana pazia," mama hujisifu. "Bado ananitazama kama siku za uchumba."

Tukavuka tuta la kwanza. Ngo! Sauti ilitokea mbele, upande wa kushoto, chini kabisa ya miguu yangu.

"Hiyo ni barabara," baba alisema, kabla hata sijafungua mdomo.

Nilishusha pumzi. Kumbe alisikia! Basi ni ubishi mtupu, na kama ubishi ungekuwa kosa, hakuna mtu katika ukoo wetu ambaye angeruhusiwa kushika usukani, mimi wa kwanza. Nikatoa hukumu: twende kwa fundi, kishindo kikiisha ufunguo ubaki kwa mwenyewe. Mama alikubali shingo upande.

Fundi tulimkuta chini ya kibanda chake cha mabati, kando ya Naivasha Road. Alilitazama gari likiingia, basi. "Hiyo ni shoki, mzee. Imeisha. Tunatoa zote mbili."

"Umepima na macho?" nilimuuliza. Sina subira na mafundi.

"Madam, pole pole. Hizi gari ndio kazi yangu."

Baba hakubishana. Aliegemea kona ya boneti kwa uzito wake wote, kisha akaachia. Gari lilizama, likainuka, likatulia. "Shoki ikifa, gari linarukaruka kama mbuzi," alisema. "Hii imesimama. Tafuta kwingine."

Fundi akacheka, akachuchumaa kando ya gurudumu na kutega sikio, akaniambia nilitikise gari. Nikalitikisa. Ngo, ngo. "Skiza, mzee, inatoka wapi?" Baba naye akachuchumaa, lakini hakutega sikio. Aliingiza mkono nyuma ya gurudumu, akawa anagusa chuma kimoja baada ya kingine, taratibu, kama anayetafuta jiwe kwenye mchele. Mimi natikisa, jasho linanitoka, mama anakula mahindi ya kuchoma aliyonunua kando ya barabara na kunihimiza nitie nguvu.

"Hapa," baba alisema. "Inanigonga kidole."

Fundi akakishika hicho kichuma, kikachezacheza mkononi mwake. "Wacha! Ni linki, mzee." Ni kijiti kifupi cha chuma kinachounganisha shoki na ile nondo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona. Kiungo chake kilikuwa kimelegea, mpira umepasuka, grisi imekauka. Linki ya upande wa pili nayo ilikuwa njiani kufuata. Akabadilisha zote mbili, nami nikajiona mtoto wa mhandisi.

Tulirudi kwa barabara ileile, baba akiendesha. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Baba akapiga usukani kwa kiganja. "Imepona!"

"Tupitie Kangemi, mama anunue sukuma wiki," nilisema huku nikitazama nje dirishani.

Hakujibu. Nikarudia. Hakujibu. Nikamgusa bega, nikapaza sauti: "Baba, umejuaje imepona?"

Alitazama kioo. "Mama yako hajashika kiti."

Nikageuka. Mikono ya mama ilikuwa imetulia juu ya mkoba. Muda wote huo, gari likigonga, mama alikuwa akikamata kiti cha mbele kwa woga, na baba alikuwa akimwona kiooni. Masikio yake yalikuwa mikono ya mama. Nilitaka kucheka, machozi yakaniwahi.

"Kumbe si uchumba," mama alisema.

Baba hakusikia hilo pia. Aliwasha indiketa, akasimama kando ya barabara bila kuambiwa na mtu, akazima gari, akanipa ufunguo. "Juzi lori lilipiga honi," alisema. "Niliiona kwa uso wa mama yako. Shika, Maitu."

Nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba wiki ijayo tutaenda mjini kwa daktari wa masikio. "Sawa," alijibu, "lakini gari haliuzwi." Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akaketi kando ya mama.

"Songa, unakalia leso yangu," mama alimwambia, akimsukuma kwa kiwiko.

Nilihamia kwenye usukani, nikanyoosha mkono nikielekeze kile kioo barabarani. Kabla sijakigeuza niliwaona. Mama alikuwa amemkamata baba mkono kwa nguvu, na gari lilikuwa bado limesimama.