Kambare Wawili Waliobaki

Wanaume wa kilima chetu, kama Burundi tunavyokiita kijiji, waliwahi kuniambia kwamba mwanamke akivua samaki, maji hukauka. Niliwajibu kwamba wao wamekunywa pombe ya ndizi tangu wazaliwe na migomba bado inazaa. Wakacheka, wakaniachia ziwa langu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nimerudi Burundi na mama yangu baada ya kukulia Tanzania, na sikuwa na muda wa kufundishwa adabu na watu wasiojua hata kufunga ndoano.

Ziwa lenyewe lilikuwa dogo. Mtu akiita upande huu, wa ng'ambo anasikia bila kusimamisha jembe. Lilikuwa bondeni huko Butihinda, mkoa wa Muyinga, na kijito chembamba kiliingia kwenye mafunjo na kingine chembamba zaidi kikatoka. Perege wake hawakuzidi kiganja. Kuvua nilifundishwa na baba kwenye mto mmoja wa Kigoma, enzi za ukimbizi. Baba hakurudi, kaburi lake liko kule. Nilipokaa kwenye jiwe langu na uzi mkononi nilikuwa nimekaa naye. Ndiyo maana nasema lilikuwa ziwa langu, na asiyependa asipende.

Ndoano nilizinunua sokoni kwa mama mmoja Mkongomani kutoka Kivu ya Kusini. Meza yake ilikuwa na ndagala wakavu, yaani dagaa, chumvi, sabuni, na ndoano ndani ya kopo la maziwa. Alikuwa mkimbizi kwetu kama sisi tulivyokuwa wakimbizi kwa wengine. Sote tulimwita mama wa ndagala.

"We dada," alinitania kila mara, "unanunuaka ndoano kwangu, unavua samaki yako, ndagala yangu haununue. Donc, yaani mi najiua na biashara yangu mwenyewe!"

Lakini alinichagulia zile kali, akizijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba.

Kiangazi hicho mihogo ya kwanza ya sisi tuliorudi ilikomaa. Tulikuwa tumepanda pamoja, kwa hiyo tuling'oa pamoja, kaya baada ya kaya. Ilikuwa mihogo michungu, ile isiyoliwa mpaka ilowekwe siku kadhaa. Wenyeji ambao hawakuwahi kuhama waliloweka yao kwenye mashimo waliyochimba pembeni mwa bonde. Tuliyacheka mashimo yale. Matope matupu! Kigoma tulizoea kuloweka mtoni, na unga wetu ulitoka mweupe hata mgeni akauulizia. Mimi ndiye niliyesema, kwa sauti, mbele ya wanawake wenzangu: "Ziwa lipo, tunachimba mashimo ya nini?" Tukafunga magunia kwa kamba, tukayazamisha ziwani yote.

Siku chache baadaye nilishuka asubuhi na uzi wangu, nikakuta samaki wamekufa.

Ukingo wote ulikuwa mweupe kwa matumbo ya perege, wakubwa kwa wadogo, midomo wazi. Maji yalikuwa yamegeuka rangi na yananuka. Niliruka kamba za magunia, nikaingia hadi magotini, nikawa naokota mmoja baada ya mwingine nikitafuta aliye hai. Karibu na mafunjo niliona kambare wawili wakitoa midomo juu ya maji, wanameza hewa, wanazama tena. Hao tu. Nililia kwa sauti na sikuona haya.

Mchana haujafika, kilima kizima kilikuwa na jibu: sumu. Jioni sumu ikapata mwenyewe. Nani anauza samaki wakavu? Nani atafaidika samaki wabichi wakiisha? Siku ya soko kuna mtu aliyepindua meza ya mama wa ndagala, ndagala wakamwagika chini na watu wakawakanyaga. Mama yule alipiga magoti akiwakusanya, akaniona nimesimama.

"Dada, na weye unaamini mi njo niliweka sumu?"

Nilijiambia lisemwalo lipo, nikapita. Naandika hili bila kulipamba, kwa sababu nimesikia watu wakisimulia habari hii kana kwamba nilikuwa upande wake tangu mwanzo. Sikuwa.

Mkuu wa kilima alitangaza kwamba Jumamosi, baada ya kazi za jumuiya, watu wataamua kama mama wa ndagala abaki au aondoke. Mimi nilikuwa na haraka yangu nyingine. Nilipanda gari kwenda Gitega, kutoka hapo nikachukua basi dogo hadi Giheta, kwa mjomba wangu. Alikuwa na mabwawa matatu ya samaki chini ya nyumba yake. Sikwenda kutafuta ukweli. Nilikwenda kuomba vifaranga wa samaki wa kurudisha ziwani.

Mjomba alikuwa amejifunza Kiswahili kwa kupakia mizigo sokoni Gitega, na alikizungumza huku akifanya kazi, bila kunitazama. Nilimweleza yote, na sumu na Mkongomani.

"Walikufa saa ngapi?"

"Niliwakuta asubuhi."

"Na kambare?"

"Niliwaona wawili wanameza hewa."

Hapo akaacha jembe. "We mwipwa, sumu haichague. Kambare iko na akili ya kuvuta hewa ya juu, njo maana amebaki. Ile ingine ilikosa pumzi ndani ya maji. Kuna kitu kimeoza mule. Mliweka nini?"

Nikasema hatukuweka kitu. Kisha nikasema, mihogo tu.

"Mihogo ya watu wangapi?"

Nilipomtajia kaya zilizoloweka, alikaa juu ya tuta la bwawa akashika kichwa. "Kule Tanzania mliloweka kwa mto. Mto inatembea, inabeba uchafu. Hii maji yenu imesimama, na ni kiangazi! Unafikiri bazee walichimba mashimo juu ya ujinga? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, mwanangu." Vifaranga akaninyima. Alisema hawezi kuwapa samaki wake kaburi.

Njiani kurudi Muyinga nilikuwa na hasira, kwanza na mjomba, halafu na mashimo, halafu na baba aliyenifundisha mto asinifundishe ziwa. Nilipofika Butihinda hasira ilikuwa imebaki na mtu mmoja, aliyeuliza mashimo ni ya nini.

Nilimwambia mama. Alikuwa anachekecha unga wa mihogo ileile, wa gunia tulilolitoa kabla samaki hawajafa, na kweli ulikuwa mweupe. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Nyamaza," alisema. "Huyo mama ana kwao, atarudi Kongo. Sisi tukifukuzwa hapa tutakwenda wapi tena? Wanatuita Watanzania kabla hatujakosa lolote. Ukiwapa sababu?"

"Kwa hiyo abebe yeye?"

"Mimi nimebeba mengi, mwanangu. Nimemzika baba yako ugenini. Sitaki kufunga mzigo tena."

Sikuwahi kumpinga mama. Usiseme niligundua ushujaa siku ile. Lakini nilikuwa nimeiona njia ile ya kukimbia tangu utotoni, najua inavyoanza: mtu anaelekezewa kidole, majirani wanapita kimya. Nilikuwa nimepita kimya mara moja. Sikuwa tayari kupita mara ya pili.

Jumamosi tulifyeka nyasi za barabarani, kisha tukakaa chini na majembe yetu. Mama wa ndagala alisimama katikati, kitenge chake kimefungwa barabara kiunoni. Mkuu wa kilima hakuwa amemaliza salamu niliposimama.

Nikasema kwa Kirundi, Kirundi changu chenye lafudhi ya Kigoma wanachokicheka: "Hakuna sumu. Ni mihogo yetu. Sisi tuliorudi tuliiloweka ziwani ikaoza, samaki wakakosa pumzi. Wanawake walinifuata mimi. Niliyesema tusichimbe mashimo ni mimi."

Kelele zikapanda. Mzee mmoja aliyekuwa na mashimo mazuri kuliko wote akanyanyuka na kunionyesha barabara kwa jembe lake. "Rudini kwenu Tanzania mkaue maziwa ya huko!"

"Kwetu ni hapa," nikamwambia. "Nimekosea kwetu. Mkiwa na adhabu nipeni nitaifanya, mkiwa na matusi nitayasikia, lakini kuondoka siondoki. Na huyu mama haondoki kwa kosa langu."

Mkuu wa kilima aliuliza kama kuna mtu mwingine aliyeloweka ziwani. Mama yangu akasimama, akifuta vumbi kwenye nguo, akasema: "Magunia mawili yalikuwa yangu." Baada yake wakasimama wengine, mmoja mmoja, bila kutazamana.

Adhabu tuliyopewa ilikuwa kuyatoa magunia yote yaliyobaki, kuzika samaki, na kuchimba mashimo, kila kaya lake. Mzee wa jembe alitusimamia, akatufundisha kuchimba, akitutukana tangu shimo la kwanza hadi la mwisho. Mama wa ndagala akabaki.

Mtu atadhani alinikumbatia. Nilipokwenda kwenye meza yake, alikuwa anapanga sabuni na hakuinua kichwa.

"Mi sikuhitaji useme pale mbele ya batu," alisema. "Nilihitaji useme siku ile mi niko chini naokota ndagala."

"Ni kweli, mama."

"Sasa unataka nini?"

"Ndoano."

Ndipo aliponitazama. "Ndoano ya nini? Ziwa iko na samaki?"

"Halina."

Alifungua kopo la maziwa, akachagua moja, akaijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba kama zamani. Aliiweka mkononi mwangu, akanikunja vidole juu yake.

"Samaki wa kwanza ni wangu," alisema. "Si wako. Wangu."

Mjomba alilegea baada ya misimu miwili ya mvua, akanipa vifaranga kwenye kidumu. Walikufa. Akanipa wengine, sijui kama wamo au wameliwa na wale kambare. Mafunjo yamesogea, maji yamepungua, na wapo wanaosema bonde lile sasa lilimwe mpunga kwa sababu ziwa lenyewe limekwisha. Nimewaambia walime kwao. Watu wakipita huniuliza ninavua nini, maana hawajaniona nikitoa kitu. Huwajibu kwamba samaki wa kwanza ana mwenyewe, yuko sokoni anamsubiri, na mimi nipo kwenye jiwe langu.