Kinachonusa Darini

Tangu wazazi wetu wafariki, nimewalea wadogo zangu kwa kuchaji betri za bajaji katika chumba kimoja cha uchochoroni, Kariakoo. Shule niliacha mapema ili wao wasome. Usiku betri hubaki kwenye chaji, mlango umefungwa kwa kuogopa wezi. Asubuhi nilikuwa naingia na chetezo, nafukiza ubani kila pembe kabla ya mteja wa kwanza, kama mama alivyofanya.

Mdogo wangu wa kike, anayesoma chuo cha ufundi, alikiogopa sana kile chetezo. "Dada, betri zikichajiwa zinatoa gesi ya haidrojeni. Huioni, huinusi, na cheche moja inatosha kuilipua." Akaniletea kihisi alichokiunga mwenyewe, kifaa kinacholia kikikutana na gesi hiyo. Nikakifunga karibu na sakafu, maana kila anayepikia gesi hapa mjini anajua gesi huzama chini. Hakikulia hata siku moja.

Zikaja mvua zile zilizojaza maji bonde la Jangwani. Nikaziba tundu la hewa la juu ukutani kwa nailoni, maji yasiingie. Asubuhi yake mdogo wangu alinikuta mlangoni, ndiyo kwanza nimefungua, chetezo mkononi, makaa yamekolea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hicho kifaa chako bubu, hata salamu hakijui."

Akachungulia ndani. "Umekifunga chini? Hii siyo gesi ya mtungi, dada! Hii nyepesi, inakimbilia darini. Rudi nyuma na huo moto!"

Nikarudi, nikamwaga makaa kwenye dimbwi. Yeye akapanda stuli, akakiinua kihisi pamoja na waya wake. Kabla hakijafika dari kikapiga kelele mpaka fundi viatu wa jirani akauliza, "Nani kaibiwa?"

Tuling'oa nailoni, tukaacha mlango wazi. Kelele ikalegea, ikanyamaza.

Baadaye alinionyesha: chini ya wavu mdogo kuna punje ya oksidi ya bati, inapashwa moto na umeme. Hewa ikiwa safi, umeme unapita humo kwa shida. Haidrojeni ikiigusa, njia inafunguka, kifaa kinalia. Niliitazama sana. Mimi na pua yangu nzima nimeshinda humo miaka yote, sikujua kitu. Punje ndogo kuliko mbegu ya papai ilijua.

Ubani sijaacha. Natazama juu kwanza, kihisi kilipo sasa, halafu nafukiza nje, kando ya ukuta, na harufu inaingia yenyewe.