Nzi wa Basi na Wanawake Wawili wa Meza Moja

Saa mbili asubuhi, manyunyu yanaendelea Kitale na Phelista Wakhungu amekwisha kuwasha taa ya mezani. Mbele yake kuna kifaa kidogo cha chuma ambacho mafundi wenzake hukiita vaisi. Kimeng'ata ndoana ndefu kama kidole. Anachukua singa nyeupe, nywele ndefu za mnyama, anazipima kwa jicho, anazipuliza zitengane, kisha anazifunga kwa uzi mwembamba.

Uzi unazunguka, unakaza, unazunguka tena. Polepole ndoana inapata tumbo, mgongo, na macho mawili ya ushanga. Kikikamilika, kitu hicho kinafanana na dagaa aliyenona. Lakini hapa hakuna anayekiita samaki. Hapa ni nzi.

"Hii ni nzi ya basi," anasema Phelista bila kuinua uso. "Basi ya mistari."

Basi anayemtaja hana magurudumu. Ni samaki mkubwa wa baharini, mwenye mistari myeusi ubavuni, ambaye Wazungu humwita kwa jina linalosikika hivyo hivyo masikioni mwa watu wa huku. Majani yanapoanza kupukutika Marekani na baridi kubisha hodi, samaki hao huteremka kusini wakiambaa pwani, na huingia kwenye ghuba kuwinda samaki wadogo. Wavuvi nao huingia majini hadi kiunoni na kurusha nzi wa namna hii, yaani chambo bandia, kwa fimbo ndefu nyepesi.

Marehemu mama yake Phelista, kule Sirisia, hakuelezwa hayo yote. Aliambiwa tu kwamba bintiye amepata kazi ya nzi wa basi mjini Kitale. Kwa miaka mingi aliwasimulia akina mama wa kanisa kuwa Phelista yuko steji, anafukuza nzi kwenye mabasi, na kwamba ni kazi ngumu lakini ya heshima.

"Sikumkosoa," anasema Phelista. "Alikuwa ananiombea vizuri sana juu ya hiyo kazi. Ningemwambia ukweli, angeombea nini?"

Anacheka, lakini leo kicheko chake ni kifupi. Kila mara anageuka kutazama mlango. Upande wa pili wa meza kuna kiti kilichotandikwa mto wa sweta kuukuu, na hakijakaliwa tangu mvua za masika zianze.

Kiti hicho ni cha Linah Chesang, Mama Jotham, mwenyeji wa miteremko ya Mlima Elgon upande wa Suam. Wawili hawa wamefunga nzi pamoja tangu walipokuwa wasichana, na kazi yao ina desturi isiyo ya kawaida: kila nzi hupita mikononi mwa wote wawili. Linah hufunga mkia. Phelista hufunga kichwa.

Linah amekuwa Bungoma akingoja zamu yake ya upasuaji wa mtoto wa jicho, na hatimaye amefanyiwa. Bandeji imetolewa juzi. Leo anarudi mezani, na hakuna ajuaye kama mkono wake bado unaelewana na jicho hilo jipya. Phelista amekwisha kumwarifu Ian, kijana wa Nairobi anayesafirisha bidhaa zao ng'ambo, kwamba Linah asipoweza, mzigo wa msimu huu ndio utakuwa wa mwisho.

"Ian aliniambia, mum, si nikutafutie msichana mwingine akusaidie? Nikamwambia, wewe ukifiwa na mke utatafutiwa mwingine kwa simu?"

Ili kuelewa ukali huo, ni lazima kurudi enzi za kiwanda walikojifunzia kazi.

Kilikuwa nyumba ya zamani yenye paa la vigae na veranda pana, pembezoni mwa mji wa Kitale. Wasichana kutoka Sirisia, Naitiri na mlimani waliketi kwa safu, kila mmoja na vaisi yake. Asubuhi waliimba tenzi za kanisani, mchana wakasengenyana, na saa kumi chai ya maziwa ikaletwa kwenye birika kubwa la bati. Phelista anaikumbuka chai hiyo hadi leo. Anasema hajawahi kunywa nyingine ya kuifikia, na kwamba majani haya ya siku hizi ni vumbi tu.

Wakati huo walifunga nzi wadogo kwa ajili ya samaki wa mitoni, wale wa maji baridi ya Mlima Elgon. Baadaye ndipo ikaja oda ya kwanza ya nzi wa baharini. Msimamizi wao, Hesbon Wabwile, mtu mrefu, mpole, wa maneno machache, aliletewa ndoana mpya na agizo moja: zijaribiwe kwanza kwenye maji ya chumvi.

Kazi hiyo aliwapa Phelista na Linah, ambao hata salamu yao ilikuwa ya kulazimishana. Phelista ni Mbukusu, Linah ni Msabaoti, na kila mmoja alimwona mwenzake anajisikia.

"Huyu alikuwa anasema 'kalibu' na 'habali', mimi nacheka," Linah atasimulia baadaye leo, akishafika. "Na yeye anasema mimi naongea ni kama nimekasirika."

Phelista alitoka kwao na chupa ya munyu. Kwa asiyeujua, munyu ni maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, na akina mama wa Bungoma hulainishia nayo mboga ya murere na kunde. Ni chumvi ya bibi na bibi wa bibi. Alipouliza kama itafaa, Linah alijibu kwamba chumvi ni chumvi. Wote wawili hawakuwa wameiona bahari, na waliikadiria kwa sufuria ya mboga.

Wakaziloweka ndoana kwenye munyu wiki nzima. Zilitoka zinang'aa kuliko zilivyoingia. Hesbon akaridhika, kiwanda kizima kikafunga nzi, mzigo ukaondoka.

Kabla ya Krismasi, ukarudi. Ndoana zilikuwa zimeliwa na kutu, nyingine zikavunjika kama vijiti vya kiberiti. Kumbe munyu hauli chuma kama ilavyo chumvi ya bahari, bali hukihifadhi. Wasichana hawa walikuwa wamepima bahari kwa kitu kinachoipinga.

"Tulijua tumefutwa," anasema Phelista. "Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwa leso."

Hesbon hakuwafuta. Aliwahamisha wote wawili hadi kwenye meza moja iliyokuwa karibu na mlango wa nyuma, mahali upepo wa mlimani ulipoingilia, akawaambia, "Mtakaa hapa, mkikosea tena mkosee pamoja." Kisha akawapa vaisi moja.

Hapo ndipo desturi yao ilipozaliwa. Mmoja alifunga mkia, mwingine akamalizia kichwa, kwa sababu vaisi ilikuwa moja na hakuna aliyetaka kukaa bure. Baada ya miezi kadhaa, Hesbon aligundua kwamba nzi wa meza ya adhabu walikuwa wazuri kuliko wa meza nyingine zote. Mikia ya Linah ilicheza majini. Vichwa vya Phelista havikufumuka. Akawaletea vaisi ya pili, nao wakaikataa.

Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, waume wawili wakazikwa. Mwenye kiwanda naye akafariki, nyumba ikauzwa, na mafundi wakaruhusiwa kubeba vifaa vya kukumbukia. Wengine walichukua viti, mmoja akachukua lile birika. Phelista na Linah waliikodia mkokoteni meza yao, wakaisindikiza kwa miguu katikati ya mji wa Kitale, mmoja huku na mmoja huku, kama wanaosindikiza bibi harusi.

"Watu wanauliza, mnahama? Tunasema, ndio, tunahama na kazi," anasema Phelista. "Ile siku nililia. Hiyo nyumba ilinilea kuliko kwetu."

Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha Fridah, binti yake, ambaye sasa ni muuguzi Bungoma. Haijamtajirisha Phelista. Ian aliwahi kumwambia kwamba nzi mmoja huuzwa kule karibu na bei ya kuku wa kienyeji wa huku, na yeye hulipwa bei ya kuku huyo akishafunga dazani na ushei. Lakini kinachomsumbua zaidi ni habari kwamba wavuvi wengi humrudisha samaki majini.

"Ati wanamshika, wanampiga picha, wanamwachilia. Si hiyo ni kumsumbua tu, bana? Mimi nikishika kuku simwachilii."

Matatizo ya macho yalianza kimya kimya. Linah hakulalamika. Phelista alijua kwa njia nyingine: rafiki yake alianza kusifu.

Linah hana historia ya kusifu. Katika maisha yao yote mezani, kichwa kikipinda alisema kimepinda, chai ikipoa alisema imepoa. Kisha mwaka jana akaanza kusema kila kitu ni kizuri. Phelista anamwonyesha nzi, Linah anasema nzuri. Anamwonyesha nzi mwenye jicho moja, kwa makusudi, anasema nzuri sana.

"Hapo nikaenda nyuma ya nyumba nikalia," anasema Phelista. "Nikampigia Fridah."

Fridah ndiye aliyemtafutia nafasi kwenye kambi ya macho Bungoma, akamkaribisha kwake hadi apone. Phelista akabaki akifunga mikia na vichwa peke yake. Kisanduku cha nzi wa msimu huu kimejaa na kipo mezani, kimefunikwa kwa kitambaa. Ian alipotumiwa picha alisema ziko sawa, ila hazina uhai.

Saa nne inakaribia mlango unapobishwa. Linah anaingia na mwavuli wa zambarau, miwani myeusi usoni, na hatua za mtu anayekanyaga utelezi.

"Karibu, Mama Jotham," anasema Phelista. Ameitamka r yake vizuri kabisa, kwa uangalifu wa mtu anayeongea na mgeni.

Linah anavua miwani. Anakitazama chumba kama duka jipya. Kisha anamtazama mwenyeji wake, kwa muda mrefu.

"Mama Fridah, na wewe umezeeka hivi lini?"

"Wakati ulikuwa huoni," anajibu Phelista. "Nilijificha hapo."

Hawakumbatiani. Linah anaketi kwenye kiti chake, anausogeza mto, anafunua kisanduku. Phelista ameacha kufunga. Mikono yake iko mapajani na midomo inatembea bila sauti.

Linah anachukua nzi wa kwanza, anamwinua kwenye mwanga wa dirisha, anamzungusha. Anachukua wa pili. Anauvuta mkia, anaupuliza, anausogeza karibu na jicho lile jipya. Nje, maji yanadondoka kwenye mtungi.

"Hizi nani alifunga mkia?"

"Ni mimi."

"Hii si nyeupe, ni rangi ya chai. Na umebana singa, haziwezi pumua. Samaki ataona ni ufagio." Linah anakirudisha kisanduku katikati ya meza. "Fungua zote."

"Zote?"

"Zote. Hakuna hata moja nzuri."

Phelista anajifunika uso kwa viganja. Mabega yanatikisika, na mtu angedhani ametukanwa. Anapoondoa mikono, machozi yanamtiririka na anacheka, cheko la msichana wa veranda ile, na Linah anamuuliza kama amerukwa na akili.

"Nilikuwa naogopa utasema ziko sawa," anasema.

Linah anavuta kopo la vifaa. Anatoa wembe kwenye kopo, anaukata katikati, nusu anampa mwenzake. Wanaanza kufumua kazi ya miezi, mmoja huku na mmoja huku, singa zikirundikana kati yao. Kwanza, Linah anasema, watahitaji singa nyeupe za kweli. Jicho la pili litafanyiwa upasuaji Desemba, baada ya mavuno, na akitoka huko atafunga mikia hadi vidole vikatae.

Phelista anampigia Ian. Simu iko juu ya meza na sauti inasikika chumba kizima.

"Niaje, mum. Mzigo uko tayari?"

"Hapana. Ngoja wiki mbili."

"Lakini mum, si uliniambia umemaliza? Na huu si ndio wa mwisho?"

Phelista anamtazama Linah, ambaye ameinamia nzi mwingine na kuguna kwa dharau.

"Nilikosea," anamwambia Ian. "Andika na oda ya mwaka kesho."