Bosi Alipopunguzwa Tumbo, Nikanenepa Mimi

Niliuza vitambaa Kariakoo kwa miaka mingi, kwenye duka la Mhindi mmoja lililofunguliwa na babu yake. Biashara huria ilipopamba moto, mabelo ya vitambaa yakamiminika kutoka bandarini, na bosi wangu naye akanenepa pamoja na duka. Alikuwa mcheshi, mpenda bhajia, mzito kiasi kwamba akishakaa nyuma ya kaunta asubuhi hanyanyuki mpaka tufunge. Aliishi ghorofa ya pili, juu ya duka hilohilo. Akipanda ngazi, katikati husimama akajifanya anakagua rangi ya ukuta.

Siku moja alikagua rangi mpaka akakaa chini, ameshika kifua, jasho linamtiririka. Daktari alisema moyo umechoka kubeba mzigo, presha na sukari viko juu, na dawa peke yake hazitatosha. Familia ikakata shauri aende India akapunguzwe tumbo.

Habari ilizunguka mtaa mzima kabla hajapata viza. Muuza kahawa alisema watamtoa utumbo wote wamwekee mpira. Wachukuzi walibishana kama kipande kitakachokatwa anarudi nacho au kinabaki hospitali. Nilimuuliza mwenyewe, akanieleza kwa subira kwamba mafuta hayaguswi. Wanapunguza tu mfuko wa chakula ubaki mdogo, ili ashibe upesi.

Alirudi baada ya miezi miwili, akinywa supu ya dengu kwa kijiko cha chai. Shida ikawa mkewe. Mama yule alimpenda mumewe kwa njia moja, na njia hiyo ilipikwa kwa samli. Kila saa saba mchana alishusha vyombo vinne vilivyopangwa juu kwa juu: wali, dengu, viazi, chapati. Masharti ya daktari aliyasikia, ila aliamini yanahusu wagonjwa wengine. Bosi alikula vijiko vinne, akitafuna kila kimoja kama anayesoma mkataba, kisha akanisukumia vilivyobaki.

"Dada, nisaidie," alininong'oneza. "Vikirudi na chakula, atalia."

Nikamsaidia kwa moyo mweupe, miezi minane. Mke akapokea vyombo vitupu, akafurahi, akaongeza samli. Bosi alipungua mpaka suruali zikawa zinamvuka. Mimi fundi alinifungulia mishono ya gauni mara tatu, na mara ya nne akaniambia kwa heshima kwamba mishono imekwisha.

Siku ya bosi kwenda kupimwa, aliniomba nimsindikize kwa miguu, kwani alikuwa ameshazoea kutembea kila asubuhi mpaka Mnazi Mmoja na kurudi. Yeye alifika mkavu. Mimi niliingia nimeshikilia mlango.

Daktari akanivutia kiti. "Kifua kinakusumbua tangu lini, mama?"

Bosi alimweleza kwamba mgonjwa ni yeye. Daktari akatupima wote. Presha ya bosi ilikuwa imeshuka, sukari pia, na dawa zikapunguzwa, ingawa alionywa arudi kila mwaka, maana upasuaji umeupumzisha moyo, haujaupa ruhusa ya kusahauliwa. Presha yangu ilikuwa juu. Daktari akaniuliza ninakula nini mchana. Nilimtazama bosi. Bosi akainama kufunga viatu visivyo na kamba.

Tulikiri kwa mkewe siku hiyohiyo. Alikaa juu ya belo. Alisema kwamba kila alipoona vyombo vitupu alijiambia mume wake atapona. Hapo nikaona aibu kweli.

"Kwa hiyo miezi yote hii nilikuwa nakupikia wewe?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Kilikuwa kitamu?"

Nikamwambia ukweli, sijawahi kula chakula kitamu namna ile. Akacheka huku anafuta machozi. Kuanzia kesho yake alishusha bakuli dogo la mumewe na mboga za kuchemsha za kwangu, akasimama pale mpaka tumalize, asije mmoja akamsaidia mwenzake.

Nilipungua polepole, bila kisu. Bosi sasa amevuka sabini na moyo wake unapiga vizuri. Mimi nameza kidonge kimoja kila asubuhi. Jumamosi tunatembea watatu. Njia anachagua mama, na anachagua isiyo na duka hata moja la bhajia, kwa hiyo tunazunguka sana.